"Wameiharibu Bunduki Yangu": Kwa Nini Gemu za Hadithi na za Kupambana Hazikai Chungu Kimoja kwa Amani

Kila gemu kubwa ya mtandaoni inapoletewa toleo jipya, vijiwe vya Sinza na Mwenge husikika lalamiko lile lile: "Wameiharibu bunduki yangu." Jana zimwi lilianguka kwa risasi tatu, leo linataka sita. Mlalamikaji hajamaliza, mwenzake anamkatisha: na iharibiwe tu, maana jana bunduki hiyo ilimtoa kwenye mechi kabla hajageuka kuona nani anampiga. Wa tatu ananyanyua kichwa kutoka kwenye simu. Yeye hapigani na watu. Anacheza na binamu yake wa Mbagala, wanafuata hadithi, wanaua mazimwi, wanakwenda kulala. Anauliza amekosa nini mpaka silaha yake ipunguzwe makali kwa ugomvi usiomhusu.

Wote watatu wana hoja. Nyumbani nako mambo hayajanyooka: mzazi akiambiwa gemu ni "ya kushirikiana" anatulia, akiambiwa ni "ya kupambana" anataka ifutwe kwenye simu usiku huo huo, na mara nyingi anatulia pasipostahili na kukasirika pasipostahili. Ngoja tulifungue fundo hili taratibu.

Gemu ya kushirikiana ni ile ambayo wewe na wenzako mko upande mmoja na adui wenu anaendeshwa na kompyuta. Zombi, joka, jambazi asiye na mtu nyuma yake. Kwenye menyu utaona herufi PvE. Gemu ya kupambana ni ile ambayo adui ni binadamu mwenzako aliyeshika simu au pedi, awe Tandika au Istanbul, naye anataka kukushinda kama wewe unavyotaka kumshinda. Hiyo huandikwa PvP. Gemu ya mpira kwenye kibanda cha PS mtaani ni ya kupambana, hata kama hakuna anayekufa. Ile ya kulinda ngome na rafiki zako dhidi ya zombi ni ya kushirikiana, hata kama damu inatapakaa skrini nzima. Ukali wa picha na aina ya mpinzani ni mambo mawili tofauti.

Kisha kuna aina ya tatu, ambayo ndiyo chanzo cha kelele. Humo mazimwi yapo na watu wapo, kwenye ramani moja, kwa silaha zile zile. Unaweza kuwa katikati ya kupigana na joka, mtu akatokea nyuma akakumaliza na kuondoka na ulivyokusanya kwa saa nzima. Watengenezaji wa gemu za namna hii ndio wanaolazimika kusawazisha, yaani kupanga namba na kanuni ili mpenda hadithi asikimbie na mpenda vita asichoke.

Tuanze na namba, kwa kuwa ndizo rahisi.

Chukua mfano wa kubuni. Wewe una damu 1,000, yaani kipimo cha uhai wako. Bosi la mwisho wa hadithi, lile zimwi kuu, lina damu 1,000,000, kwa sababu limeundwa lipigwe na watu wanne kwa pamoja. Bunduki yako inapunguza damu 500 kwa kila risasi na inapiga risasi mbili kwa sekunde. Watu wanne mkipiga kwa pamoja mnapunguza 4,000 kila sekunde, kwa hiyo bosi linaanguka baada ya sekunde 250, dakika nne na kidogo. Pambano la dakika nne ni tamu: kuna muda wa kuogopa, wa kuitana, wa mmoja kuanguka na kuinuliwa.

Sasa ielekeze bunduki hiyo hiyo kwa mtu. Damu yake 1,000 inaisha kwa risasi mbili, ambazo ni nusu sekunde. Hajaona, hajageuka, hajafanya kosa lolote. Wapenda vita wanalalamika, na wana haki. Mtengenezaji anapunguza makali mpaka robo, risasi inatoa 125. Mtu anakufa baada ya risasi nane, kama sekunde tatu na nusu, muda unaotosha kukimbilia ukutani au kujibu. Pambano limekuwa zuri. Lakini rudi kwa lile bosi: sekunde 250 zimekuwa 1,000, karibu dakika 17 za kufyatua kitu kisichoanguka. Yule kijana na binamu yake wa Mbagala wameadhibiwa kweli.

Na bunduki ndiyo tatizo dogo. Kubwa zaidi ni uchawi wa kugandisha. Kugandisha zimwi kwa sekunde sita ni raha tupu, na timu nzima inakushukuru. Zimwi halina hisia, halilipii bando. Mtu aliyegandishwa sekunde sita anakaa anatazama skrini huku anapigwa, na akigandishwa tena mara ya pili na ya tatu anazima simu. Gemu ya World of Warcraft, iliyotoka 2004, iliweka kanuni ambayo baadaye wengi wameifuata kwa namna zao: ukimgandisha mchezaji mara ya kwanza inakaa muda kamili, mara ya pili nusu, mara ya tatu robo, kisha kwa muda fulani hagandiki tena. Tiba nayo ina mkasa wake. Mganga anayewainua wenzake mbele ya joka ni shujaa. Mganga huyo huyo kwenye pambano la watu anaweza kulifanya lisiishe kamwe, kwa hiyo kwenye ulingo wa gemu hiyo nguvu ya tiba hushuka kadiri dakika zinavyosonga.

Utauliza kwa nini wasiweke namba mbili, moja ya mazimwi na moja ya watu. Wameweka. Guild Wars ya 2005 ilifikia hatua ya kuwa na ujuzi wenye jina moja lakini namba tofauti kutegemea unapigana na nani. Mrithi wake wa 2012, Guild Wars 2, alikwenda mbali zaidi: ukiingia kwenye ulingo wa mashindano kila mtu anapewa levo ya juu na vifaa vya nguvu sawa, ulichokusanya nje kinabaki nje. The Elder Scrolls Online huwawekea wachezaji wote kizuizi maalumu wanapoingia kwenye maeneo ya vita ili wasimalizane haraka. Hata Elden Ring, gemu inayosifika kwa kutomhurumia mtu, ilianza mwishoni mwa 2022 kurekebisha nguvu za silaha kwa mapambano ya watu peke yake bila kugusa upande wa mazimwi.

Dawa hiyo inafanya kazi, ila ina uchungu wake. Mchezaji amezoea mkuki wake kwa miezi kwenye hadithi, anajua mapigo mangapi yanatosha. Akienda kupigana na watu, mkuki ule ule unakuwa kitu kingine na hakuna aliyemwambia. Mafundi wa gemu huiona hii kama gharama ndogo. Mimi naona wanaidharau, hasa kwa wachezaji wapya, ambao hutoka mbio wakidhani wameibiwa. Hata hivyo, kwa upande wa namba, tatizo hili lina ufumbuzi. Anayekuambia haliwezekani kabisa kwa kuwa "namba hazilingani" hajafuatilia.

Kisichotatuliwa na namba ni watu wenyewe.

Fikiria kiwanja cha wazi mtaani kwenu, kile pekee kilichobaki ambacho hakijajengwa fremu za maduka. Saa kumi jioni vijana wanataka chandimu. Saa kumi hiyo hiyo akina mama wameweka turubai kwa ajili ya shughuli. Hakuna mwovu hapo. Ila mpira ukiingia kwenye sufuria ya pilau, hasara haigawanywi sawa: kijana ameukosa mpira kwa dakika moja, mama amepoteza pilau lote. Na kijana akitetea kwamba hata wao wanaruhusiwa kuutupa mpira nje ya uwanja, kwa hiyo pande zote ziko sawa, mtaa mzima utamcheka.

Ndivyo ilivyo mtandaoni. Anayewinda watu amekuja kuwinda. Akipoteza, amepata pambano alilolitaka. Anayefuata hadithi akiuawa na mtu amepoteza kitu alichokuja kukifanya, na hakupata badala yake chochote anachokithamini. Kusema "naye anaweza kujibu mapigo" ni sawa na kumkabidhi mama wa pilau jezi.

Jambo hili lilionekana mapema sana. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex huko Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle walianza kutengeneza gemu ya maandishi matupu iliyoitwa MUD, ambamo watu kadhaa waliweza kuwa kwenye dunia moja kwa wakati mmoja. Baada ya miaka mingi ya kuwatazama wachezaji wa dunia za namna hiyo, Bartle aliandika mwaka 1996 kwamba wamegawanyika makundi manne: wanaotaka mafanikio, wanaotaka kuchunguza, wanaotaka kupiga soga na watu, na wanaotaka kuwasumbua au kuwatawala wengine, ambao aliwaita wauaji. La maana zaidi katika andiko lake ni kwamba makundi haya hulishana na kulana. Wauaji wakizidi, wapiga soga wanahama, na wauaji wenyewe wanabaki bila windo.

Mwaka mmoja tu baadaye gemu ya Ultima Online ikaja kumthibitishia mbele ya umati mkubwa zaidi. Ilitoka Septemba 1997 ikiwa na dunia huru: shona nguo, oka mkate, fuga, au mvizie mtu porini umuue na kumnyang'anya. Hata kabla haijaanza kuuzwa, katika majaribio ya Agosti, mfalme wa dunia hiyo, mhusika aliyeendeshwa na muasisi wake Richard Garriott mwenyewe, aliuawa na mchezaji mmoja kwa uchawi wa moto mbele ya hadhira. Ikaonekana kichekesho. Baada ya kufunguliwa rasmi haikuwa kichekesho tena. Wachezaji wapya walikuwa wakitoka nje ya lango la mji na kuuawa papo hapo. Watengenezaji wakajaribu kila namna: sifa mbaya kwa wauaji, majina yao kuandikwa mekundu, walinzi mijini. Wauaji walizisoma kanuni vizuri kuliko wengine wote na kuzipenya.

Mwaka 2000 wakaigawa dunia. Felucca ikabaki na sheria ya msituni, na pembeni yake ikaundwa Trammel, nakala ya ardhi ile ile ambako huwezi kumshambulia asiyekubali. Watu walihamia Trammel kwa wingi. Felucca ikawa kimya, na waliobaki humo wakalalamika kwamba gemu imeuawa. Kilichouawa, kwa maoni yangu, ni upatikanaji wa watu wasiopenda kuwa windo. Ndiyo sababu siwaonei huruma sana, ingawa nakiri kuwa soko la Felucca lenye hofu lilikuwa na msisimko ambao Trammel haikuupata tena.

Tangu hapo, kila gemu ya mchanganyiko imekuwa ikitafuta njia ya kuuliza swali moja: umekubali? Tofauti zao zote ni namna ya kuliuliza.

World of Warcraft kwanza iliuliza mlangoni, unachagua seva (kompyuta kuu inayoendesha gemu) ya amani au ya vita na unabaki nayo. Mwaka 2018 ikabadilisha, ikaweka swichi: ukiwa mji mkuu unawasha hali ya vita au unaizima. EVE Online ya Iceland, inayoendeshwa tangu 2003, inauliza kwa ramani. Kila mfumo wa nyota una namba ya usalama. Kwenye 0.5 na kuendelea polisi wa gemu watamlipua atakayekushambulia, chini ya hapo unapungukiwa ulinzi, na kwenye sifuri kwenda chini uko peke yako. Lakini polisi hao huadhibu tu, hawakingi. Wakifika, meli yako imeshateketea. Wapo wanaofanya hesabu ya faida na hasara: thamani ya mzigo wako ikizidi thamani ya meli nafuu wanazokubali kuzipoteza, wanakulipua katikati ya eneo la usalama na mwenzao anaokota mabaki. Albion Online, ambayo tangu 2021 inachezeka hata kwenye simu na kwa hiyo inajulikana zaidi hapa kwetu, inatumia rangi: maeneo ya bluu hakuna hofu ya watu, ya njano ukishindwa unaangushwa bila kunyang'anywa, ya nyekundu na nyeusi ukiuawa umepoteza ulichobeba na ulichovaa. Kabla hujavuka mpaka unaijua bei.

Fallout 76 ya 2018 ilijaribu njia ya ajabu kidogo. Ukimpiga mtu ambaye hajakujibu, mapigo yako yanakuwa kama makofi ya mtoto. Akijibu, vita kamili. Ikaonekana ya busara kwenye karatasi. Kwenye uwanja halisi wapenda vita walichoka, na wapenda amani waliendelea kusumbuliwa na watu waliokuwa wakiwapiga makofi hayo mpaka wakasirike. Swali la ukubali lilikuwa limeulizwa kwa kumchokoza mtu, na hilo kwa kawaida halileti jibu la kweli.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na ndipo wengi wanapopitiliza. Kuuliza hakutoshi, lazima uangalie unamlipa nini anayekubali. Wenye vita huomba zawadi kubwa zaidi kwa sababu hatari yao ni kubwa, na hilo ni haki. Ila zawadi ikizidi kiasi, ukubali unageuka kuwa kulazimishwa. World of Warcraft iliwapa wanaowasha hali ya vita nyongeza iliyoanzia asilimia 10. Upande mmoja ulipokuwa na washiriki wachache, nyongeza yao ikapandishwa, ikafika asilimia 30 kwa vipindi fulani. Watu wakaiwasha kwa ajili ya nyongeza tu, wakawa wanakwepa mapambano wakitafuta levo. Ukiwaua hao, umemuua mtu aliyesema ndiyo kwa sababu ya njaa.

GTA Online, ambayo hakuna kijiwe cha Dar kisichoijua, ilifanya hivyo kwa miaka mingi. Biashara zake zenye faida zilikulazimu uwe kwenye chumba chenye watu wengine, na mtu mwenye ndege ya kivita angeweza kuulipua mzigo wako ulioukusanya jioni nzima bila yeye kufaidika chochote cha maana. Julai 2022 watengenezaji wakaruhusu kazi hizo zifanywe kwenye vyumba vya mwaliko, wewe na unaowajua. Sea of Thieves, gemu ya maharamia ya 2018, ilisita zaidi. Desemba 2023 ikafungua bahari salama, lakini malipo humo ni pungufu sana kuliko bahari ya wote. Hiyo naiona sahihi, kwa sababu aliyechagua bahari salama anapata hadithi yote aliyoijia na anachokosa zaidi ni kasi ya utajiri.

Sasa, kwa nini wasitenganishe kabisa? Gemu ya hadithi iwe yake, ya vita iwe yake, basi.

Wengi wanafanya hivyo. Lakini kuna hesabu ya gharama isiyoonekana na mchezaji. Hadithi inaandikwa, inarekodiwa sauti, inachorwa kwa miezi, na mchezaji mwenye bidii anaimaliza mwisho wa wiki moja kisha anauliza "nini kingine?" Binadamu mpinzani hamaliziki. Ramani ile ile, mara elfu, na kila mechi ni tofauti kwa sababu adui ana akili. Kwa mwenye kampuni, wachezaji wanaopambana wanatengenezeana burudani bure. Fortnite ilianza Julai 2017 kama gemu ya kushirikiana: watu wanne, ngome, mazimwi. Miezi miwili baadaye wakaongeza pambano la watu mia, bila malipo. Leo ukitaja Fortnite mitaani karibu kila mtu anawaza lile pambano, na ile ya mwanzo wengi hawajui kuwa ilikuwapo.

ARC Raiders ya Sweden ni mfano wa karibu zaidi. Ilipotangazwa mwaka 2021 ilikuwa watu dhidi ya mashine tu. Katikati ya safari wakaigeuza, na ilipotoka Oktoba 2025 ilikuwa na mashine na watu pamoja: unaingia, unakusanya, unajaribu kutoka hai. Wachezaji wake wanabishana mpaka leo iwapo ni ungwana kumpiga mtu aliyekuita kwa sauti akisema hana nia mbaya. Cha kuvutia ni kwamba watu wengi humo huchagua kutopigana, na hofu ya kwamba huyu anaweza kunipiga ndiyo inayoufanya ushirikiano wao uwe na ladha. Ushirikiano na mtu ambaye hawezi kukudhuru hauhitaji imani yoyote. Mimi si shabiki wa kuibiwa mizigo, lakini hoja hii siwezi kuipuuza.

Kutenganisha pia kunagawa watu. Ukiwa na wachezaji wa kutosha duniani, unaweza kuwa na foleni kumi tofauti. Ukiwa Dar saa tano usiku unatafuta mechi kwenye seva ya karibu, kila foleni mpya inamaanisha kusubiri zaidi, au kupangwa na watu wa mbali, au kujaziwa roboti wanaojifanya watu. Yule kijana anayejisifu ameua 20 kwenye mechi zake za kwanza, aulizwe kwa upole wangapi kati yao walikuwa binadamu.

Na mbali si neno dogo. Mwanga ndani ya nyaya za mtandao husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar hadi Johannesburg ni kama kilomita 2,500 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kwenda na kurudi haiwezi kuwa chini ya milisekunde 25. Seva ikiwa Frankfurt, karibu kilomita 7,000, ni milisekunde 70 hata mtandao ukiwa safi kabisa, na nyaya hazinyooki, zinazunguka baharini. Ongeza msongamano wa mnara wa simu mtaani na pingi, yaani muda huo wa kwenda na kurudi, inapanda juu ya milisekunde mia bila kushangaza. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, wachezaji wa hapa hawakuhitaji taarifa ya habari kujua kuna jambo.

Kwenye gemu ya kushirikiana ucheleweshaji huo husameheka. Zimwi likisita, linasita kwako. Gemu nyingi huikubali hesabu ya simu yako kuwa risasi imempata adui, kwa kuwa zimwi halitakata rufaa. Kwenye pambano la watu lazima mmoja aaminiwe. Mara nyingi seva hurudisha saa nyuma kidogo na kuangalia mpigaji alikuwa anaona nini alipobonyeza. Ndiyo maana unajificha nyuma ya ukuta, umekwisha kufika, na bado unaanguka: kwenye skrini yake ulikuwa hujafika. Hakudanganya. Ni umbali tu. Kwa hiyo kijana wa Dar anayesema anapenda gemu za kushirikiana "kwa sababu ya bando" asichekwe. Kuna fizikia nyuma ya maneno yake. Simu nazo zina la kusema. Aliyenunua simu ya bei ya chini Kariakoo, skrini ikichora picha 30 kwa sekunde, anapambana na mwenye 90, na hakuna toleo jipya litakalolisawazisha hilo.

Kuhusu pesa, nako kuna dhana ya kwamba silaha hupunguzwa makali ili ununue nyingine. Hutokea, hasa kwenye gemu za bure za simu, na hamna haja ya kuwatetea wanaofanya hivyo. Ila angalia jinsi ununuzi wenyewe unavyobadilika maana. Mwenzako akinunua bunduki kali kwenye gemu ya kushirikiana, mnafaidika wote. Pengine utamwomba atangulie. Akinunua hiyo hiyo kwenye pambano, amenunua kushindwa kwako. Ndiyo sababu gemu za ushindani zinazojiheshimu huuza mavazi na rangi, na zile zisizojiheshimu huuza nguvu.

Turudi kwa mzazi. Gemu ya kushirikiana inaweza kumweka mtoto kwenye maongezi ya sauti na watu wazima asiowajua kwa saa mbili mfululizo, na kwa kuwa wako timu moja anawaamini haraka. Gemu ya kupambana inaweza kuwa mpira dhidi ya mtoto wa jirani. Matusi yapo pande zote; nimesikia mtu akitukanwa zaidi na wenzake kwa kushindwa kumwinua mganga kuliko na wapinzani. Kwa hiyo ukitaka kujua gemu aliyonayo kijana wako ni ya namna gani, muulize adui ni nani, muulize akishindwa anapoteza nini na saa ngapi za kazi yake, muulize sauti inasikika na nani. Kisha fungua mipangilio ya simu pamoja naye, mtafute palipoandikwa nani anaruhusiwa kumtumia ujumbe, na mpaweke kwa marafiki peke yao.